Suhaili, mashua ya msaji iliyoundwa Bombay

Mashua ilikuwa inavuja. Kuvuja kidogo si habari kwa chombo cha mbao, maana hakuna ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, iliyo kavu duniani, lakini huku kulizidi. Robin Knox-Johnston alikuwa na miaka 29, peke yake katikati ya Atlantiki, akijaribu kuizunguka dunia bila kusimama, wiki chache tu tangu aondoke Falmouth, kusini mwa Uingereza, tarehe 14 Juni 1968. Akipiga bomba asubuhi, jioni maji yamerudi. Siku upepo ulipolala alivaa miwani ya kuzamia akajitosa. Chini kabisa, pale mkuku, uti wa mgongo wa chombo, unapokutana na ubao wa kwanza, aliona mshono umeachia: ufa mrefu kuliko mtu mzima, na upande wa pili vivyo hivyo. Mashua ikiyumba, ufa ulifunguka na kujifunga mbele ya macho yake.

Kwanza alijaribu kufanya kama fundi afanyavyo pwani. Alichukua pamba iliyosokotwa, patasi na nyundo, akazama kutia kalafati, yaani kuziba mshono. Pumzi haikutosha. Kila alipopanda kuvuta hewa, pamba aliyokwisha kuibana ilichomoka. Akarudi sitahani, akakaa, akafikiri. Aliishona ile pamba kwenye utepe wa turubai, akaupaka lami, akautoboa kwa misumari midogo ya shaba ili ikae tayari kupigiliwa, kisha akazama tena na kuugongomea juu ya ufa kidogo kidogo. Alikuwa amevaa shati na suruali za buluu ili weupe wa mwili wake usimwite papa. Papa alikuja hata hivyo. Alipanda upesi, akamsubiri na bunduki mpaka akampiga, akatulia kuangalia kama damu italeta wengine, kisha akarudi kazini. Juu ya turubai akapigilia ukanda wa shaba, masalio ya mafundi waliomfungia redio. Upande wa pili akaurekebisha siku nyingine, bahari ilipompa nafasi.

Nilimsimulia mjomba wangu kisa hiki. Yeye ameunda mashua pwani ya Nungwi tangu ujana wake, na mkono wake wa kushoto una kovu la tezo, kishoka cha kuchongea mbao. Hakuuliza kuhusu papa.

"Mjomba," akaniambia, maana sisi huitana hivyo pande zote mbili, "hiyo pamba aliipaka nini?"

"Lami, mjomba. Ile ya mti."

"Na msumari?"

"Wa shaba."

Akatikisa kichwa polepole, akaendelea kunoa randa yake. "Huyo kafundishwa na mafundi."

Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua, kwa sababu Suhaili, hiyo mashua, haikuundwa Uingereza. Iliundwa Bombay, na mafundi wa Kihindi, kwa tezo na keke ya kutobolea. Nimesoma mengi kuhusu Knox-Johnston, na anastahili kila neno. Lakini katika yote hayo mafundi hupewa sentensi moja, wakati mwingine nusu yake, na hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Knox-Johnston alikuwa ofisa wa meli katika kampuni ya British India Steam Navigation. Wazee wa mwambao hawahitaji kuelezwa ni kampuni gani. Ndiyo iliyokuwa na Karanja na Kampala, meli zilizokuwa zikitoka Bombay kuja Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, kisha kuteremka hadi Durban. Nusu ya nguo za harusi za bibi zetu zilikuja katika matumbo ya meli hizo. Akiwa na makao Bombay, kijana huyu na wenzake waliamua kuunda yoti ya kuwarudisha kwao. Waliagiza michoro Uingereza, na iliyowafikia ilikuwa ya mtindo wa zamani, mashua iitwayo Eric, iliyochorwa na Mmarekani William Atkin katika miaka ya 1920. Asili ya mchoro huo ni mashua za uokoaji za Norway alizozibuni Colin Archer mwishoni mwa karne ya 19: tumbo pana, mkuku mrefu wa kwenda urefu wote wa chombo, na tezi, yaani nyuma, iliyochongoka sawa na omo, yaani mbele, ili wimbi la nyuma lipasuke badala ya kupiga ubao bapa. Wakati huo huko Ulaya watu walikwisha kuanza kupenda yoti nyembamba na nyepesi. Eric ilikuwa nzito, ya polepole, ya kizamani. Waliiunda hivyo hivyo.

Urefu wake ni futi 32 na inchi 5, upana kidogo zaidi ya futi 11, na uzito wake kiasi cha tani 10. Ina milingoti miwili, mkubwa mbele na galme nyuma, na matanga ya pembetatu. Mbao ni msaji wa India, mti ambao bara watu huuita mtiki. Msaji una mafuta ndani yake. Mchwa hauupendi, ukungu hauushiki upesi, na ukikauka vizuri hausokotiki. Mafundi wa Bombay wanaujua mti huu tangu zamani sana. Katika bandari hiyo, mwaka 1817, iliundwa manowari ya Kiingereza Trincomalee kwa msaji wa Malabar, na mpaka leo inaelea Hartlepool, kaskazini ya Uingereza. Na sisi tunayo yetu ya kutaja. Sultana, merikebu ya Seyyid Said, iliundwa Bombay mwaka 1833, na mwaka 1840 ilitoka Unguja na karafuu, pembe na kahawa ikaenda hadi New York. Kwa hiyo Suhaili ilipoundwa, mikono iliyochonga mataruma yake, yaani mbavu zake za ndani, ilikuwa imerithi kazi ya miaka mia na hamsini na zaidi.

Keke nataka niieleze kwa vijana ambao hawajaiona. Ni kijiti chenye ncha ya chuma, kimezungushiwa kamba ya uta. Fundi hukandamiza kichwa cha kijiti kwa kiganja kimoja, mkono mwingine ukivuta uta kwenda na kurudi, na ncha inazunguka inatoboa. Haina haraka, na ndiyo faida yake: fundi anauhisi ubao ndani ya kiganja chake. Akikuta fundo, anajua. Akikuta mbao imeanza kuoza, anajua kabla hajatoa unga wa kwanza. Matundu ya misumari ya Suhaili yalitobolewa hivyo, kama yalivyotobolewa ya majahazi ya Lamu na Nungwi, katika miaka ileile ambayo Yuri Gagarin alikuwa amekwisha kuizunguka dunia angani. Mataruma na mbao za ubavu zikachongwa kwa tezo.

Desemba 1964 ilishuliwa majini. Jina wakalitoa kwa mabaharia wa Kiarabu wa Ghuba, wanaouita hivyo upepo wa kusini mashariki. Manahodha wa kwetu wanaijua suheli kama nyota kubwa ya kusini, ile inayoonyesha njia ya kurudi nyumbani kwa anayetoka Arabuni na kaskazi.

Na ndivyo safari yake ya kwanza kubwa ilivyokuwa. Mwishoni mwa 1965, msimu wa kaskazi, Knox-Johnston na ndugu yake na rafiki yao mmoja waliondoka Bombay. Walifika Muskat, kisha wakateremka na upande wa Afrika hadi Durban, njia ambayo majahazi yetu yameipita kwa karne nyingi yakiwa na tende, chumvi na papa mkavu. Durban fedha ziliwaishia, wakafanya kazi mpaka wakapata za kuendelea. Kutoka Cape Town walikwenda hadi London bila kutia nanga popote. Mashua haikuwa imejaribiwa katika mashindano yoyote, ila ilikwisha kupita Bahari ya Hindi na Atlantiki nzima, na mwenyewe alikuwa anaujua kila ubao.

Hata hivyo hakuitaka kwa ile safari kubwa, na jambo hili hunigusa kila ninapolisoma. Mwaka 1967 Francis Chichester alirudi Uingereza baada ya kuizunguka dunia peke yake katika Gipsy Moth IV, akisimama mara moja tu, Sydney. Likabaki swali moja baharini: nani ataizunguka bila kusimama kabisa? Knox-Johnston alitaka mashua mpya ya chuma, ya futi 53, akachorewa na Colin Mudie. Aliandika barua kwa makampuni akiomba udhamini, na hakuna aliyetoa. Alitangaza hata kuiuza Suhaili ili apate mtaji. Haikununuliwa. Machi 1968 gazeti la Sunday Times likatangaza mashindano ya Golden Globe: kikombe cha dhahabu kwa wa kwanza kurudi, pauni 5,000 kwa atakayekwenda haraka zaidi. Alichokuwa nacho mkononi ni ile mashua ya Bombay, akaondoka nayo.

Walijiandikisha watu tisa. Kulikuwa na mashua za plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, mashua za maganda matatu zenye kasi ya kutisha, na Joshua ya chuma ya Mfaransa Bernard Moitessier, baharia niliyemheshimu sana hata kabla sijaijua Suhaili. Suhaili ilikuwa katika zile za polepole kuliko zote.

Septemba, karibu na Rasi ya Tumaini Jema, bahari iliilaza mashua ubavu. Ilipoinuka, paa la chumba lilikuwa limesogea na maji yanapenya kwenye maungio kila wimbi lilipopanda. Akalirudisha akalifunga kwa boliti. Maji ya kunywa katika matangi yakawa yamechafuka, akaanza kukinga mvua kwa tanga. Redio ikafa. Jenereta ya kujazia betri ilihitaji kurekebishwa kwa kipimo cha unene mdogo mno, na kipimo hicho hakuwa nacho. Akahesabu kurasa za daftari lake la safari, akaona kurasa 200 zinafanya inchi moja, basi ukurasa mmoja ukawa kipimo. Alipofika upande wa Australia, chombo cha kujiendesha, kile cha upepo kinachoshika usukani baharia akilala, kilivunjika kabisa.

Hapo ndipo mchoro wa kizamani ulipolipa. Mkuku mrefu hauiachi njia yake kwa wepesi. Knox-Johnston alipunguza tanga hapa, akalegeza kamba pale, akafunga kana, mkono wa usukani, na Suhaili ikaenda yenyewe usiku kucha. Yoti nyepesi ya mkuku mfupi ingezunguka na kugeuza tanga kabla hajafumba macho. Watu waliokuwa wakiicheka tezi iliyochongoka na tumbo pana walikuwa wakiitazama ikiwa bandarini. Chombo kama hiki kitazamwe kikiwa nyuzi 40 kusini ya ikweta, wimbi likija kutoka nyuma kwa urefu wa mlingoti, na mtu ndani amelala kwa sababu mwili umekataa kukesha.

Novemba alikwama mchangani penye mlango wa bandari ya Otago, New Zealand. Akasubiri maji yajae, kama nahodha yeyote wa kwetu, yakamwinua akaondoka. Baada ya hapo dunia haikumsikia tena. Tarehe 17 Januari 1969 alipita Rasi Horn. Wengi kwao walikwisha kukata tamaa naye, mpaka Aprili, karibu na visiwa vya Azores, meli moja ya mafuta ilipopokea ishara zake za taa na kupeleka habari. Tarehe 22 Aprili 1969 aliingia Falmouth. Siku 312, zaidi ya maili 30,000, wastani wa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka kidogo. Maofisa wa forodha walimuuliza, kama desturi, anatoka wapi. Akajibu: Falmouth.

Wengine wanane hawakufika. Moitessier alikuwa na kasi ya kushinda, akaamua kuendelea mbele badala ya kurudi, akaishia Tahiti. Mashua ya Nigel Tetley ilizama akiwa karibu kabisa kumaliza. Donald Crowhurst alipotea baharini, na Knox-Johnston akaipa familia yake zile pauni 5,000. Sitaki kupita haraka juu ya kitendo hicho, maana alikuwa kijana asiye na mali. Lakini makala hii ni ya mashua.

Ninaamini Suhaili ilifika kwa sababu hakuna kitu ndani yake ambacho mtu mmoja mwenye nyundo asingeweza kukitengeneza. Ilivunjika mara nyingi kuliko inavyohesabika, na kila ilipovunjika, kilichohitajika kilikuwa mbao, kamba, turubai, shaba, na mkono unaojua. Mafundi wa Bombay walitengeneza chombo kinachokubali kutengenezwa. Ubao ukilegea unaubana, ukioza unautoa unaweka mwingine. Mjomba husema mashua nzuri ni ile ambayo fundi mwingine, asiyekujua, ataifungua miaka hamsini baadaye na kuelewa ulifikiri nini.

Miaka hiyo ilifika. Suhaili haikustaafu baada ya 1969. Mwaka 1989 ilivuka Atlantiki tena, safari hii mwenye mashua akipima jua kwa kifaa cha enzi ya Columbus ili aone mabaharia wa zamani walijuaje njia. Mwaka 1991 ikaenda Greenland na mpanda milima Chris Bonington. Kisha, mwaka 1997, ikapata heshima kubwa: ikawekwa ndani ya Jumba la Makumbusho ya Bahari, Greenwich, watu waje waione.

Heshima hiyo ilikaribia kuiua. Hewa ya jengo ni kavu na ya joto. Mbao ambazo kwa zaidi ya miaka thelathini zilikuwa zimevimba kwa maji ya chumvi zilianza kunywea, na mishono ikafunguka. Mjomba angeweza kuwaambia bure. Huku kwetu mashua ikikaa pwani muda mrefu hufunikwa makuti na kumwagiwa maji ya bahari, ama sivyo ubavu hupasuka na kalafati yote hutoka. Gipsy Moth IV nayo ilikaa miaka zaidi ya thelathini kwenye zege hapo hapo Greenwich, ikaoza, mpaka ilipookolewa na kurudishwa baharini mwaka 2005. Knox-Johnston hakungoja kiasi hicho. Mwaka 2002 aliitoa Suhaili makumbusho, ikarudi majini.

Kisha akaifungua mwenyewe. Kwa miaka kadhaa, akiwa amekwisha kupewa cheo cha Sir na kuzungumza mbele ya wafalme, mzee huyu alikuwa akivaa nguo za kazi na kulala chini ya tumbo la mashua yake, akitoa misumari na boliti za chuma zilizoliwa na kutu na kuweka za aina ya shaba isiyokutu. Chuma ndicho kilichochoka. Msaji ulikuwa mzima. Nilipomwonyesha Mjomba picha za kazi hiyo kwenye simu, aliikuza kwa vidole picha moja ya ubao wa chini karibu na mkuku, akaitazama muda mrefu.

"Mbao hii mpya?"

"Ileile ya kwanza, mjomba. Ya 1964."

Akaita vijana wake wawili waliokuwa wakiranda waje waone. Aliwaonyesha jinsi nyuzi za mti zilivyolala sambamba na mpindo wa ubavu, na akawaeleza kwamba fundi aliuchagua mti uliopinda wenyewe badala ya kuukata upinde kwa nguvu. Aliwaweka pale muda wote wa chai. Mmoja wao akauliza ubao huo sasa hivi ungeuzwa bei gani, na Mjomba akamjibu kwamba ubao wa namna hiyo hauuzwi, unatafutwa.

Mwaka 2016 Suhaili iliingia tena majini. Tarehe 14 Juni 2018, miaka hamsini kamili tangu siku ile, ilikuwa Falmouth na matanga juu, ikiongoza yoti nyingine, mwenyewe akiwa na miaka 79 ameshika kana. Mwezi uliofuata mashindano ya Golden Globe yalirudiwa, kwa masharti ya zamani: bila setilaiti ya kuonyesha njia, dira na nyota tu. Kamanda mmoja wa jeshi la majini la India, Abhilash Tomy, aliingia na mashua mpya ya mbao iliyoundwa Goa kwa mchoro uleule wa Suhaili. Aliiita Thuriya, jina la Kiarabu la nyota ambazo wakulima wa kwetu huziita kilimia. Septemba, mbali kusini katika Bahari ya Hindi, tufani iliipindua, milingoti ikavunjika, na Tomy akaumia mgongo vibaya mpaka meli ya Kifaransa ikamfikia siku chache baadaye. Waliomwokoa walikuta ganda la Thuriya bado linaelea, halijaingia maji ya kulizamisha. Tomy alitibiwa, akajifunza upya kutembea, na mwaka 2022 akaingia mashindano yaleyale kwa mashua nyingine, akamaliza wa pili.